Kuku Walijua Kompyuta Ikiwaka

Hakuna kinachonikera kama kifaa kinachoumwa kikiwa kwa mwenyewe halafu kinapona kikifika mezani kwangu. Kilichokufa kabisa nakiheshimu. Unakifungua, unatafuta palipoungua, unamwambia mwenyewe ukweli, mnaagana. Lakini hiki cha kuumwa na kupona kinamfanya mteja aonekane mwongo na mimi nionekane sijui kazi. Anaondoka amenuna, na mimi nabaki nimenuna kuliko yeye.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Igogo, hapa Mwanza, karibu na ziwa kiasi kwamba wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi wakija upande wetu, nawatoa ndani ya mashine za watu kwa brashi ya rangi. Nimekuta mende, kutu, mjusi aliyekaukia kwenye feni. Nilishaamini kwamba hakuna mashine itakayonishangaza tena, mpaka mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliponipigia simu kutoka ng'ambo ya ziwa.

"Mwanangu, kompyuta ya baba yako inazima. Akifika tu sauti ya nne, inazima."

Baba yangu huyo ni mume wake, baba mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Alikuwa mwalimu wa shule, na zaidi ya hapo mwalimu wa kwaya. Wanakwaya wake wengi hawakujua kusoma noti, kwa hiyo aliwaimbia kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, nao wakashika kwa kusikia. Alipozeeka na kifua kuanza kumsumbua, akawa anajirekodi kwenye kompyuta yake ya mezani, ili siku akishindwa kwenda mazoezini wasikilize. Ndani ya ile mashine mlikuwa na mzee mmoja akiimba nafasi za watu wanne, na katikati anakohoa, anagomba, anaagiza chai. Sauti ya nne ndiyo iliyokuwa yake hasa. Akishuka chini kule, vikombe vilikuwa vikilia kabatini.

Nyumba yao iko upande wa Sengerema, ufukweni, kwenye kilima cha mawe. Watu wa Mwanza tukisema mawe tunamaanisha mawe, mengine makubwa kuliko nyumba, yamepandana hivyo hivyo tangu hatujazaliwa. Alipostaafu na kujenga pale walimtania kwamba amenunua kiwanja cha mijusi. Udongo ulikuwa sehemu moja tu, nyuma ya nyumba, kati ya majabali mawili. Ndipo tulipomzika, kwa sababu kwingine kote sururu iligonga na kurudi. Alipokuwa hai aliendesha kompyuta kwa jenereta. Umeme wa nguzo ulifika kijijini yeye akiwa ameshalala pale nyuma.

Kabla sijavuka kwenda kuiona, kaka akanipigia. Namwita kaka, ni mtoto wa kwanza wa mama mkubwa, anafanya kazi kiwandani na anaishi Nyakato.

"Mama amekuambia habari za kuku?"

"Habari gani za kuku?"

"Ehee. Hajakuambia. Anasema kuku wanajua kompyuta ikiwaka. Anasema baba asipomwagiwa maji asubuhi, kompyuta inagoma. Wewe ni fundi, niambie, hayo ni maneno ya mtu mzima wa akili?"

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka kuogopa. Alisema siku ya kujengea kaburi ukoo wote utakuwepo, na mbele yao atatangaza kwamba mama anahamia kwake Nyakato, apende asipende. Hawezi kumwacha peke yake kwenye mawe akizungumza na marehemu.

Niliposhuka kwenye kivuko na kufika, mama mkubwa alinipokea mlangoni miguu mitupu, kama kawaida yake. Viatu alivaa kwenda kanisani tu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako ameshakuambia nimechanganyikiwa?"

Nikacheka, yeye hakucheka.

"Tafuta ugonjwa wa hiyo mashine," akasema. "Ukiupata, watanielewa. Usipoupata, wananihamisha. Mimi sitaki kutoka hapa."

Basi nikajua nimeitiwa nini. Nilikuwa nimeitwa kumtetea mtu, na ushahidi wangu ulikuwa lile sanduku la bati lililobadilika rangi, limeunganishwa na amplifaya na spika mbili kubwa za kwaya zilizokuwa zimejaa nusu ya sebule.

Akaniwashia mwenyewe. Baba mkubwa akaimba sauti ya kwanza, nyembamba, ya kuchekesha kwa mzee wa kifua kile. Akaimba ya pili. Ya tatu. Akakohoa, akasema, "Sasa wanaume, sikilizeni." Akashuka. Na kwenye neno la tatu au la nne kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza, na ule ukimya ulioingia sebuleni sikuupenda.

Nikachukua mita yangu nikapima umeme kwenye soketi. Ulikuwa kamili. Nikawasha tena, ikazima tena, nikapima tena, umeme kamili. Taa ya sebuleni haikupepesa hata mara moja. Kwa mtu wa kazi yangu hapo hesabu imekwisha, ugonjwa uko ndani ya mashine. Nikaifunga kwa kitenge, nikaipandisha kwenye kivuko, nikarudi nayo Igogo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa sauti zote na kuziweka kwenye flashi, maana mashine inaweza kufa lakini sauti ya mtu huwezi kuiagiza dukani. Halafu nikaanza kuitesa. Nilisugua miguu ya kadi ya kumbukumbu kwa raba ya shule, nikabadilisha pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia umeme, nikaipiga joto, nikaigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Siku nzima baba mkubwa aliimba sauti ya nne kibandani kwangu, jirani anayeuza vocha akaijua, akawa anaiitikia. Haikuzima, siku hiyo wala siku zilizofuata. Nikairudisha kwa mama mkubwa na maneno ya kujigamba, nikaiwasha mbele yake, mzee akasema, "Sasa wanaume, sikilizeni," ikazima.

Kuna hasira fulani inayokuja na baridi mgongoni, na siku ile nilizipata zote mbili pamoja. Nilimwambia mama mkubwa nitalala hapo mpaka nielewane na hiki kitu. Nikamkabidhi na ile flashi, nikamwonyesha namna ya kuisikiliza kwenye redio ndogo. Alisikiliza kidogo, akaizima kwa heshima.

"Huyu ni sauti tu," akasema.

Nilidhani ni uzee. Sikumuuliza alimaanisha nini.

Kwa siku chache nilizokaa pale niliona jambo ambalo sikulitaka. Asubuhi mama mkubwa alichota maji ziwani, akaenda nyuma ya nyumba, akamwagilia maua juu ya kaburi. Lilikuwa bado tuta la udongo, kwetu tunaacha udongo ushuke kwanza kabla ya kujengea. Kisha alirudi, akafungua dirisha la nyuma, akawasha kompyuta, akatoka tena, na mashine ilikaa. Baba mkubwa aliimba sauti zote nne hadi mwisho. Mchana, jua likishachoma mawe na upepo kukausha kila kitu, ilianza kuzima. Jioni ilikataa kabisa. Kilikuwa kiangazi. Nilijiambia ni joto, lakini niliipepea, nikaiwekea feni ya pembeni, haikujali.

Kisha ikaja asubuhi ambayo goti lilimuuma, hakwenda ziwani. Mashine ilizima mapema, kabla hata ya sauti ya pili. Mama mkubwa alikuwa kitandani, mlango wazi, akasikia ilivyonyamaza.

"Hajanywa maji leo," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemtaja mgonjwa wa chumba cha pili. Nilichukua ndoo mwenyewe, nikaenda ziwani, nikarudi nikamwaga maji kwenye yale maua, harakaharaka, nikiangalia pembeni. Nikaingia ndani, nikawasha. Ikakaa. Nilisimama katikati ya sebule, ndoo ingali mkononi, nikamsikiliza marehemu akiimba nafasi zote nne bila kukatika, na nilitamani sana kivuko cha kwanza cha kurudi mjini.

Kilichonizuia kuondoka ni dirisha. Kutoka kwenye kiti cha kompyuta unaona nyuma ya nyumba, na nilipoinua macho kuku walikuwa wanakwenda. Walitoka chini ya ukuta, walitoka kwenye majani, mmoja akaruka kutoka juu ya jabali, wote wakielekea kwenye tuta. Nikazima kompyuta. Walipekua kwa muda, kisha wakatawanyika mmoja mmoja kama watu waliomaliza ibada. Nikasubiri mpaka eneo likawa tupu. Nikawasha. Sauti ya kwanza ilikuwa haijaisha vizuri, kuku wakaanza kurudi.

Nilitoka nje nikiziacha spika zikiimba nyuma yangu. Kuku walinipisha. Juu ya kaburi la baba mkubwa, kwenye udongo uliolowa, nyungunyungu walikuwa wanatoka. Walikuwa wengi, wanachomoza kutoka chini na kujikunjakunja juani. Wadudu hawa hukimbia jua, lakini hawa walikuwa wanakimbia kitu kilichokuwa chini. Kuku walikuwa wanakula, basi. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Hapana," na sijui nilikuwa namkatalia nani.

Fundi ana tabia moja. Kitu asichokiamini hakigusi kwa kiganja, anakigusa kwa mgongo wa mkono, ili kikimpiga mkono urudi badala ya kushika. Nilichuchumaa, nikagusisha mgongo wa mkono kwenye udongo wa kaburi. Ulinichonyota.

Sikuutoa. Mchonyoto ule naujua kuliko salamu za watu, nimeishi nao kazini miaka yote. Ulikuwa umeme. Lakini haukuwa umetulia. Ndani ya nyumba baba mkubwa alisema, "Sasa wanaume, sikilizeni," akashuka kwenye sauti ya nne, na chini ya mkono wangu udongo ukapanda na kushuka pamoja naye. Alipovuta neno, ulivuta. Alipopumua, ulipumua. Alipokohoa, ulinipiga mara mbili, kwa kifua chake kile kile.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijua ni nini na bado niliogopa. Nilikimbia ndani nikashusha meni swichi ya nyumba nzima, nikakaa sakafuni.

Sasa nieleze, maana ndiyo kazi yangu. Umeme unaingia nyumbani kwa waya mmoja na ni lazima urudi kwa mwingine. Huo wa kurudi, chini ya paa la mama mkubwa, fundi wa mtaani aliyemfungia nyumba alikuwa ameuunga kwa kuusokota tu, na hewa ya ziwa ikaula kwa kutu mpaka ukawa umekaribia kukatika. Kuna waya wa tatu, wa usalama, unaokwenda kwenye nondo ya shaba iliyochomekwa ardhini, na yule fundi alikuwa ameuunganisha na ule wa kurudi kwenye swichi, mambo yao ya kurahisisha. Umeme ulipokosa njia yake ukapita kwenye nondo, ukarudi kwa kupitia udongo. Udongo ukilowa, njia pana, kompyuta inashiba. Ukikauka, njia inabana, na amplifaya ikivuta nguvu kwa ile sauti nzito, kompyuta inakosa na kuzima. Ikishazima hakuna kinachovuta, kwa hiyo mita yangu ilikuta umeme kamili kila mara, nilikuwa nampima mgonjwa akiwa amelala. Taa za siku hizi hazikunisaidia, zinawaka vilevile hata umeme ukipungua sana.

Na nondo ya shaba, kwenye kilima cha mawe, unaichomeka wapi? Nilipoyasogeza yale maua upande wa kichwani niliiona, imeota kijani, imezama ardhini. Yule fundi alikuwa amezunguka kiwanja kizima akigonga mwamba, akakuta sehemu moja tu iliyochimbwa na kufukiwa, laini, yenye kina. Mama mkubwa siku hiyo alikuwa kwenye jumuiya. Fundi akapiga nyundo zake, akarudishia udongo juu ya waya, na aibu ikamzuia kumwambia mtu.

Mama mkubwa alikuja akichechemea, akasimama nyuma yangu. Nilimwonyesha, nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba mbuzi wake aliyefia pale kaburini msimu wa mvua, habari yake tuliisikia hadi mjini kwamba ameumwa na nyoka, hakuumwa na nyoka. Nikamwambia yeye mwenyewe angeweza kufia pale siku yoyote, miguu mitupu kwenye tope.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo anapoimba, umeme wa kuimba kwake unapita hapa?"

"Unapita hapo, mama mkubwa. Ni umeme tu."

"Unapita kwake."

"Unapita kwenye udongo."

Alivunja jani moja kavu kwenye maua akarudi ndani.

Nilimwita fundi umeme ninayemwamini, akavuka kutoka mjini. Aliunga waya wa paa kwa namna inayotakiwa, akatenganisha nyaya zilizounganishwa kwenye swichi, akaing'oa ile nondo na kuipeleka chini kwenye mchanga wa ufukweni. Kompyuta ikaimba asubuhi, mchana na jioni. Kuku hawakukusanyika tena mahali popote. Siku ya kujengea kaburi nilimshika kaka mkono nikamwonyesha tundu la nondo kabla halijafunikwa kwa zege, nikamweleza habari ya nyungunyungu na kuku mwanzo hadi mwisho. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu nikaona si kicheko tena. "Kumbe mama mzima," akasema. "Kumbe alikuwa anatuambia anachokiona." Mbele ya ukoo alisimama akasema mama atakaa kwake anapopataka, na atakayemsumbua atakutana naye. Nilirudi Igogo nimevimba kichwa, sijawahi kushinda kesi tamu kama ile.

Haikupita muda mrefu mama mkubwa akanipigia. Kiangazi kilikuwa hakijaisha.

"Njoo uchukue kompyuta," akasema.

"Inazima tena?"

"Haizimi kabisa. Wewe njoo."

Nilimkuta amekaa kibarazani, begi limefungwa, kompyuta imezungushiwa kitenge, spika zimeshachukuliwa na watu wa kwaya. Nyuma ya nyumba kaburi lilikuwa limejengwa vizuri, zege na vigae vyeupe. Maua yalikuwa kwenye kopo. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Nyakato. Nimeshamwambia kaka yako."

"Lakini mama mkubwa, si umeshinda? Hakuna anayekuhamisha."

"Najua. Umenisaidia sana, mwanangu, na Mungu akubariki." Alisema kwa dhati, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Nilikuwa nafungua dirisha, nawasha, natoka, nasimama pale na miguu yangu. Alikuwa anakuja mpaka magotini. Kila asubuhi. Wewe ungehama?"

Nilitaka kumwambia kwamba ingemuua, na ni kweli ingemuua, na ningeing'oa ile nondo tena hata leo. Badala yake nikakaza fundo la kitenge kwenye kompyuta.

Aliuvuta mfuko wa plastiki uliokuwa karibu na begi, akatoa viatu vyake vya kanisani, akavipangusa vumbi kwa pindo la khanga. Kabla ya kuvivaa akaniangalia.

"Siku ile ulipoweka mkono. Alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

"Ya nne?"

"Ya nne."

"Ukamsikia? Mkononi, siyo masikioni."

Nilimsikia, akipumua, akikohoa mara mbili. Hakuna mita inayopima hilo, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumtolea ushahidi huo isipokuwa mimi.

"Nilimsikia, mama mkubwa. Mkononi."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Akaingiza mguu mmoja kwenye kiatu, kisha wa pili, akafunga kamba, akanyoosha mkono nimwinue.

"Basi twende," akasema. "Kivuko kisituache."